Jina la Mdudu Kama Data: Uhakiki wa Dhana ya Ushirikiano katika Utafiti wa Wadudu Wavamizi wa Misitu, Ukanda wa Ziwa Mweru

Ikisiri

Tafiti za kudhibiti wadudu wavamizi wa misitu hujitambulisha kuwa tafiti za ushirikiano. Makala haya yanahakiki maana ya neno hilo kwa kuuliza swali la kiisimu: ni majina ya nani yanayoingia katika kumbukumbu za utafiti? Kwa kurejelea nzige wekundu wa Mweru wa Ntipa, kidung'ata wa muhogo, kidukari wa saiprasi, nyigu wa vinundu vya mikaratusi na dumuzi, makala yanaonyesha kwamba maabara zimelipa gharama kubwa kila jina la kisayansi lilipokosewa au kuchelewa, ilhali majina ya wakazi, ambayo huweza kutangulia yale ya kisayansi, yamebaki pembezoni. Hoja inaelekezwa Chienge na Nchelenge, ambako Kibwile, Kibemba na Kiswahili hukutana mpakani. Makala yanapendekeza kwamba jina la mkazi lirekodiwe kama data, sambamba na kielelezo cha mdudu, na kwamba majibu ya wataalamu yarudi katika lugha iliyoleta taarifa.

1.0 Utangulizi

Wilaya ya Chienge imo kaskazini mwa Mkoa wa Luapula nchini Zambia, kwenye ufuo wa kaskazini-mashariki wa Ziwa Mweru. Jirani yake ng'ambo ya mpaka ni mji wa Pweto, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mahali ambapo mto Luvua hutoka ziwani. Kusini yake ni Nchelenge, pamoja na soko la samaki la Kashikishi. Upande wa mashariki kuna bonde la Mweru wa Ntipa na vichaka vizito vya aina ambayo wanaikolojia huihusisha na Itigi, mji wa Tanzania ya kati. Misitu ya miombo ya ukanda huu hutoa kuni za kukaushia samaki, mkaa, mbao za mitumbwi na viwavi wanaoliwa. Chakula kikuu ni muhogo. Watu huuvuka mpaka wakiwa na samaki, mahindi na makopa, na mdudu aliyejificha ndani ya mzigo huvuka pamoja nao.

Katika mazingira ya namna hii, mtu wa kwanza kumwona mdudu mpya ni nadra kuwa mtaalamu wa wadudu. Huwa ni fundi anayechagua mti wa mtumbwi, mama anayegeuza makopa juani, au kijana anayekata kuni. Mtu huyo hangoji maabara imwambie ameona nini. Humpa mdudu jina kwa lugha yake, akitumia alama alizoziona: rangi, sauti, unga unaoachwa chini ya gogo, au njia ambayo mdudu anadhaniwa kupitia. Jina hilo ni uchunguzi wa kwanza uliofanywa juu ya mdudu huyo mahali hapo.

Swali la makala haya ni nini hulipata jina hilo baada ya hapo. Miradi ya kudhibiti wadudu wa misitu hueleza ushirikiano kwa kutaja taasisi zilizotia saini, nchi zilizochangia fedha na vyuo vilivyobadilishana watafiti. Mkazi hutajwa kama mnufaika, au kama mtu wa kuelimishwa. Uhakiki huu haupingi mafanikio ya miradi hiyo, ambayo baadhi yake ni makubwa. Unachodai ni kwamba sayansi ambayo imejifunza kwa gharama kubwa thamani ya jina sahihi haina sababu ya kuyapuuza majina yaliyotolewa na watu walioishi na mdudu kabla yake.

2.0 Ushirikiano wa Mweru wa Ntipa

Ukanda wa Mweru si mgeni katika utafiti wa pamoja wa wadudu. Pigo la nzige wekundu (*Nomadacris septemfasciata*) lililodumu tangu takriban 1930 hadi 1944 lilianzia katika mabonde ya Mweru wa Ntipa na Rukwa, kisha likaenea sehemu kubwa ya mashariki na kusini mwa Afrika. Watafiti walibaini kwamba nzige hao wana maeneo machache ya kuzaliana, hasa mbuga za nyasi zinazofurika na kukauka, na kwamba makundi yakizimwa huko, nchi za mbali huokoka. Matokeo hayo yalizaa chombo cha kimataifa cha kudhibiti nzige wekundu, kilichowekwa chini ya mkataba wa mwaka 1949, na makao yake yakawa Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo. Baada ya uhuru, serikali za Afrika ziliunda chombo chao wenyewe mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambacho makao yake yako Ndola.

Urithi huo una mafunzo mawili. La kwanza ni la kusifiwa. Chombo hicho kilijengwa juu ya wazo kwamba doria ifanywe hata katika miaka ambayo nzige hawaonekani, kwa kuwa gharama ya kungoja pigo ni kubwa kuliko gharama ya kulinda. Wazo hilo limeendelea kuzaa matunda. Mwaka 2009 kuvu aina ya *Metarhizium* ilitumika dhidi ya nzige wekundu nchini Tanzania, katika maeneo ya Iku-Katavi, Rukwa na Malagarasi, badala ya kutegemea sumu za kemikali peke yake.

Funzo la pili ni la kiisimu. Ushirikiano wa Abercorn ulikuwa ushirikiano wa serikali, na ripoti zake ziliandikwa kwa lugha za serikali hizo. Kipimo cha maarifa kilikuwa idadi ya nzige kwa eneo. Kwa nzige jambo hilo halikuleta hasara kubwa, kwa sababu nzige hajifichi: kundi lake huonekana na kila mtu, na hakuna lugha ya ukanda huu iliyohitaji kuelezwa nzige ni nani. Wadudu wa misitu ni kinyume chake. Huishi ndani ya gamba, chini ya jani au katikati ya tawi kavu, na huonekana kwanza kama alama kabla ya kuonekana kama mdudu. Mfumo wa doria uliofaa kwa mdudu wa wazi haumtoshi mdudu wa siri. Mdudu wa siri huhitaji macho mengi, na macho mengi huleta majina mengi.

3.0 Gharama ya Jina Lililokosewa

Wataalamu wa wadudu wenyewe ni mashahidi wazuri wa umuhimu wa jina. Visa vitatu vinatosha.

Kisa cha kwanza ni cha kidung'ata wa muhogo. Hakuwa mdudu wa misitu, lakini historia yake ni mfano mashuhuri wa udhibiti wa kibiolojia barani Afrika, na inaugusa moja kwa moja Mkoa wa Luapula unaoishi kwa muhogo. Mdudu huyo alionekana katika eneo la Kinshasa na Brazzaville mwaka 1973, na mwaka 1977 Danièle Matile-Ferrero alimpa jina *Phenacoccus manihoti*. Kwa kuwa muhogo asili yake ni Amerika, adui wa kidung'ata alitafutwa huko. Watafutaji walimpata kaskazini mwa Amerika ya Kusini kidung'ata aliyefanana naye, lakini nyigu waliochukuliwa kutoka kwake hawakumshambulia kidung'ata wa Afrika. Ilidhihirika kuwa hizo zilikuwa spishi mbili, na ile ya pili ikaitwa *Phenacoccus herreni*. Mwaka 1981 Anthony Bellotti alimpata kidung'ata halisi nchini Paraguay, pamoja na nyigu mdogo *Anagyrus lopezi* anayetaga ndani ya mwili wake. Nyigu huyo alipitia karantini Uingereza, akalelewa katika taasisi ya IITA mjini Ibadan, akaachiwa Nigeria mwaka huohuo, kisha akapelekwa nchi nyingi zikiwemo za ukanda wa Zambia. Hans Herren, aliyeuongoza mradi huo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Kabla ya ushindi huo, hata hivyo, muda ulipotea kwa kumfuata mdudu mwingine aliyedhaniwa kuwa ndiye.

Kisa cha pili ni cha kidukari wa saiprasi. Aliingia Malawi mwaka 1986, akafika Tanzania na Kenya katika miaka iliyofuata, akakausha mashamba ya miti ya *Cupressus lusitanica* na kumshambulia pia mwerezi wa Mulanje, mti wa asili wa Malawi. Nyigu *Pauesia juniperorum* aliachiwa Malawi mwaka 1994. Kidukari huyo alijulikana kwa jina *Cinara cupressi* mpaka mwaka 1999, pale wataalamu walipochapisha uchambuzi uliodai kuwa jina hilo lilifunika kundi la spishi, na kwamba yule wa Afrika ni *Cinara cupressivora*. Wengine baadaye waliupinga mgawanyo huo. Mjadala si wa maneno matupu, kwa kuwa kila jina huelekeza mahali pa asili, na mahali pa asili ndipo panapotafutwa adui wa mdudu.

Kisa cha tatu ndicho kinachoigusa zaidi hoja ya makala haya. Mwaka 2002 mikaratusi michanga magharibi mwa Kenya na nchini Uganda ilionekana na vinundu kwenye mishipa ya majani, vikonyo na matawi laini. Msababishaji alikuwa nyigu mdogo sana mwenye asili ya Australia. Jina lake la kisayansi, *Leptocybe invasa*, lilichapishwa mwaka 2004, na hata jenasi yake ilikuwa mpya kwa sayansi. Kwa muda wa miaka miwili hivi, wakulima wa Afrika Mashariki walikuwa na mdudu ambaye sayansi ilikuwa bado haijamwita. Adui wake, nyigu *Selitrichodes neseri*, alipewa jina mwaka 2012, akaachiwa Afrika Kusini mwaka huohuo baada ya kazi ya pamoja kati ya watafiti wa huko na wa Australia.

Katika visa vyote vitatu jina lilikuwa sehemu ya tiba. Lilipokosewa, tiba ilikosewa. Lilipochelewa, tiba ilichelewa. Kutokana na uzoefu huo, mitandao ya utafiti hulipia vielelezo, makumbusho na uchambuzi wa vinasaba ili jina liwe sahihi. Lakini kisa cha tatu kinafungua mlango ambao mitandao hiyo haijauingia. Katika kipindi ambacho maabara haina jina, jina la pekee linaloweza kufuatiliwa ni lile la mkulima. Kama lingerekodiwa pamoja na tarehe na mahali, lingeweza kuonyesha mdudu alianzia wapi na alielekea wapi kabla ya mtaalamu wa kwanza kufika. Lisiporekodiwa, historia ya uvamizi huanza siku ya ripoti ya kwanza rasmi, ambayo ni siku ya kuchelewa.

4.0 Dumuzi: Mdudu wa Msitu Aliyejulikana Ghalani

Dumuzi, *Prostephanus truncatus*, ni mbawakawa mwenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati. Barani Afrika alitambuliwa kwanza katika Mkoa wa Tabora, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alifika Kenya kupitia Taveta mwaka 1983, akaonekana Togo mwaka 1984, na akathibitishwa nchini Zambia mwaka 1993, upande wa mpaka wa Tanzania. Hula mahindi yaliyohifadhiwa, na hula makopa kwa ukali zaidi: majaribio yaliyofanywa Tanzania yalionyesha kwamba makopa yanaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uzito wake katika miezi 4.

Kwa muda mrefu dumuzi alihesabiwa kuwa mdudu wa ghala, na tiba yake ikawa ya ghala: kupukuchua mahindi mapema na kuyachanganya na dawa ya vumbi. Mitego ya feromoni ndiyo iliyoibadili picha hiyo. Ilipotegwa mbali na maghala nchini Kenya, ilimnasa kwa wingi porini. Nchini Benin alikutwa akizaliana ndani ya matawi yaliyokatwa mtini na mbawakawa wengine. Ikadhihirika kuwa ni mtoboa miti ambaye ghala ni makao yake ya pili, na kwamba kihenge kikisafishwa, msitu hukijaza tena. Ndiyo maana adui wake, mbawakawa *Teretrius nigrescens*, aliachiwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992 akitarajiwa kumwinda hata nje ya ghala. Matokeo yake yametofautiana kulingana na hali ya hewa.

Wakulima wa Tanzania walimwita mdudu huyu Scania, jina la malori makubwa. Nchini Kenya amewahi kuitwa Osama. Maandishi ya kitaalamu huyataja majina hayo mara moja, ndani ya mabano, kama kichekesho cha mashambani, kisha huendelea na jina la Kilatini. Kiisimu, huo ni usomaji wa haraka. Jina Scania linasomeka kwa njia mbili zisizopingana. Kwanza, linasifu nguvu: mdudu asiyezuiwa na punje ngumu wala gunzi. Pili, linataja chombo kinachobeba mahindi kutoka mkoa hadi mkoa, na tafiti zilizofuata zilithibitisha kwamba biashara ya nafaka ndiyo iliyomfikisha dumuzi mbali. Wakati taasisi zilipokuwa zikijadili njia za uenezi, lugha ya wakulima ilikwisha kuwa na neno linaloelekeza barabarani. Jina Osama, kwa upande wake, halielezi njia wala tabia, linaeleza hofu. Nalo ni data, lakini ni data ya aina nyingine: linamwambia mshauri wa sera jinsi jamii inavyoipima hasara, si mahali mdudu alipotoka.

Kwa Chienge na Nchelenge, kisa cha dumuzi si cha mbali. Hapa makopa huanikwa karibu na nyumba, kuni hurundikwa karibu na makopa, na msitu uko nyuma ya vyote viwili. Mkazi anayeona unga wa mbao chini ya rundo la kuni na unga wa muhogo chini ya kapu anaweza kuwa ameona mdudu mmoja katika makao mawili. Akitumia jina moja kwa yote mawili, ametoa taarifa ambayo watafiti waliifikia kwa miaka ya mitego. Lakini ofisa wa kilimo huuliza kuhusu makopa, ofisa wa misitu huuliza kuhusu kuni, na hakuna fomu inayouliza kama jina ni lilelile.

5.0 Lugha za Ufuo

Pingamizi lenye uzito dhidi ya hoja hii lapaswa kusikilizwa. Majina ya kienyeji, husemwa, hayaaminiki: jina moja hubeba spishi nyingi, spishi moja huwa na majina mengi, na vidukari wengi hawana jina mahususi kabisa. Pingamizi hilo lina ukweli ndani yake. Hata hivyo, visa vya kidung'ata na kidukari wa saiprasi vinaonyesha kwamba majina ya Kilatini nayo yamewahi kubeba spishi mbili chini ya kofia moja. Sayansi haikuyatupa kwa sababu hiyo; iliyaambatanisha na vielelezo ili kosa liweze kusahihishwa. Jina la mkazi linastahili utaratibu huohuo. Jina lisilo na kielelezo ni uvumi, kwa Kilatini na kwa Kibwile vilevile.

Zaidi ya hayo, kaskazini mwa Zambia kuna ushahidi kwamba wakazi huwatazama wadudu wa msitu kwa makini panapokuwa na sababu ya kufanya hivyo. Kibemba kina majina ya pekee kwa viwavi wanaoliwa: *mumpa* ni *Gonimbrasia zambesina*, na *chipumi* ni *Gynanisa maja*. Utafiti wa Mbata, Chidumayo na Lwatula uliochapishwa mwaka 2002, kuhusu eneo la Kopa wilayani Mpika, ulieleza jinsi jamii ilivyofuatilia ukuaji na wingi wa viwavi hao, ilivyoilinda miti na mayai dhidi ya moto wa mwisho wa kiangazi, na ilivyoweka muda wa kuvuna. Miongo mingi kabla ya hapo, Audrey Richards alikwisha kuonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1939 nafasi ya viwavi katika chakula cha Wabemba. Mtu anayeujua mti ambao *mumpa* hutaga, na mwezi anaotokea, ndiye atakayegundua kwanza kwamba majani yameliwa na mwingine. Uwezo wa doria upo tayari. Kinachokosekana ni mahali pa kuuweka.

Mahali hapo panategemea lugha. Kibwile husemwa pande zote mbili za mpaka, lakini hakimo miongoni mwa lugha saba za kikanda zinazotumika katika elimu na utangazaji nchini Zambia. Kibemba ndicho lugha ya mawasiliano mapana mkoani Luapula, na huvuka mpaka kuingia Kongo. Kiswahili cha Kongo, mojawapo ya lugha nne za taifa nchini humo, husikika Pweto na huja Zambia pamoja na wafanyabiashara na wakimbizi. Juu ya lugha hizo kuna mbili za ofisini: Kiingereza upande wa Zambia na Kifaransa upande wa Kongo. Mdudu mmoja anaweza kuripotiwa kwa Kiingereza Chienge na kwa Kifaransa Pweto, na ripoti hizo mbili zisikutane kamwe, ilhali wanawake wawili waliokutana sokoni wamekwisha kuelewana kuhusu mdudu huyo kwa Kibwile.

Hapa Kiswahili kina nafasi, nayo yapaswa kuelezwa bila kujisifu. Mkutano wa wakuu wa nchi wa SADC uliofanyika Dar es Salaam mwaka 2019 ulikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo, na Zambia, Tanzania na Kongo zote ni wanachama. Umoja wa Afrika ulikipa hadhi ya lugha ya kazi mwaka 2022. Tahadhari za afya ya mimea zinazotolewa kikanda zinaweza sasa kudaiwa kwa Kiswahili, na istilahi kama kidukari, kidung'ata na dumuzi ziko tayari kwa matumizi. Lakini Kiswahili kikija Chienge kama lugha ya bango peke yake, kitarudia kosa la Kiingereza: kitasema bila kusikiliza. Faida yake ni kuwa daraja kati ya ofisi za Kongo, Zambia na Tanzania. Si kuwa mbadala wa Kibwile katika kinywa cha mtu aliyemwona mdudu.

6.0 Neno "Mvamizi"

Istilahi yenyewe inahitaji kuhakikiwa. Kiswahili cha sayansi kimekubali *spishi vamizi*, na baada ya kiwavijeshi kutoka Amerika kufika Afrika mwaka 2016, wakulima wa Tanzania wamezoea *viwavijeshi vamizi*. Istilahi hiyo ni sahihi katika maandishi ya kitaalamu, kwa kuwa inamtofautisha mdudu mgeni mwenye madhara na mdudu mgeni asiye na madhara.

Kwenye ufuo wa Mweru, hata hivyo, maneno *mvamizi* na *mgeni* hayatembei peke yake. Kuanzia mwaka 2017, maelfu ya watu waliokimbia mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika waliingia Zambia kupitia Chienge, wakapokelewa Kenani, na tangu mwaka 2018 wengi wakahamishiwa makazi ya Mantapala wilayani Nchelenge. Tangazo linalowaonya wenyeji dhidi ya "wavamizi kutoka ng'ambo" linaweza kueleweka kwa namna ambayo mwandishi wake hakuikusudia. Hasara yake ni ya kibinadamu, na pia ni ya kiutafiti: mtu anayehofia kulaumiwa kwa kuleta mdudu, au kunyang'anywa mzigo wake, hatauonyesha mzigo huo. Njia ya mdudu itafichwa na watu walewale wanaoijua zaidi.

Kwa sababu hiyo ni busara kutenganisha matumizi mawili. Katika nyaraka za sera, *spishi vamizi* ibaki. Katika mazungumzo ya mpakani, *mdudu mpya wa miti* inatosha. Haimtaji mwenye kosa, na inamwalika msikilizaji kusema kama amemwona.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uhakiki huu umeonyesha kwamba ushirikiano katika utafiti wa wadudu wa misitu umeimarika kati ya taasisi na kudhoofika unapofika kwa mtu wa kwanza kumwona mdudu. Marekebisho yanayopendekezwa hayahitaji taasisi mpya.

Kwanza, kila fomu ya taarifa ya mdudu iwe na nafasi ya jina lililotajwa na mtoa taarifa, lugha yake, maana ya jina hilo kwa maelezo yake mwenyewe, mti au chakula kilichoathirika, mahali na tarehe. Fomu iambatane na kielelezo ndani ya spiriti, au walau picha. Nafasi hiyo haiongezi gharama ya karatasi, na humfungulia mchambuzi njia ya kugundua kwamba mdudu wa kuni na mdudu wa makopa ni mmoja.

Pili, wanaisimu na wataalamu wa wadudu washirikiane kuandaa orodha ya majina ya wadudu wa miti kwa Kibwile, Kibemba na Kiswahili cha Kongo, ikikusanywa pande zote mbili za ziwa na kuhakikiwa kwa vielelezo. Vyuo vikuu vya Zambia, Kongo na Tanzania vina watu wa fani zote mbili. Kinachohitajika ni mradi mmoja kuwaweka katika bajeti moja.

Tatu, majibu yarudi. Mtoa taarifa aambiwe, kwa lugha aliyoitumia, mdudu wake ni nani na afanye nini. Taarifa isiyojibiwa haitolewi mara ya pili, na mfumo wa tahadhari hufa kimyakimya mwaka wa kwanza.

Nne, tahadhari za kikanda chini ya SADC zitolewe pia kwa Kiswahili, zikitaja majina ya wenyeji yaliyothibitishwa kando ya jina la Kilatini, ili ofisa wa Pweto na wa Chienge wajue kwamba wanamzungumzia mdudu mmoja.

Washauri wa sera watauliza kama haya yanafaa kupewa kipaumbele mbele ya mahitaji ya dawa, magari na maabara. Jibu limo katika hesabu ya muda. Maabara humtambua mdudu aliyeletwa. Haimtambui ambaye hakuna aliyemleta. Kwa familia inayoishi kwa makopa, mbawakawa aliyetambuliwa akiwa bado kwenye tawi kavu ni kazi ya msimu mmoja. Yuleyule akitambuliwa baada ya kuingia kapuni, nusu ya chakula cha mwaka imekwisha kuwa unga usiofaa kupikwa.